Malindi kwa Kufuata Maji

Nilifika Malindi katikati ya Desemba, baada ya safari ya kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, nikiwa na hamu ya kuogelea, nikakuta bahari ya mbele ya mji ina rangi ya udongo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri karibu na ufuo aliona nilivyosita.

"Huo ni udongo wa Sabaki, mwanangu," akaniambia. "Kaskazi ndiyo inayouleta huku. Kusi ikivuma, wenzetu wa Mambrui ndio wanaoupata."

Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukapita Tsavo kwa jina la Galana, kisha ukaingia baharini kaskazini mwa Malindi ukiwa Sabaki, umebeba udongo wa mashamba ya bara. Maneno yale yalibadili safari yangu, nikaamua kuyafuata maji. Mnara wa Vasco da Gama, Mreno aliyefika hapa mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumfikisha India, niliutazama kwa muda mfupi tu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeshaelekea Gedi.

Magofu ya Gedi, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yamo ndani ya msitu karibu na Watamu, kilomita chache kutoka pwani. Nilikaa humo tangu asubuhi hadi alasiri. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kuna jumba la mfalme lenye nyua na vyoo, na kulichimbuliwa vyombo vya kaure kutoka China, ishara kwamba wenyeji wa mji huu walifanya biashara na dunia nzima ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu. Wenyeji walilazimika kukichimba zaidi ili kuyafuata maji yaliyokuwa yakishuka, na baadhi ya wataalamu wanaona kwamba kukauka kwa visima ni miongoni mwa sababu zilizoufanya mji uhamwe katika karne ya 17. Niliinama kutazama ndani, nikawafikiria waliosimama hapo na ndoo zao wakisubiri maji ya udhu.

Pale pale Gedi nilitembelea mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Naona hii ni njia ya haki ya kuutunza msitu, kwani jirani yake anapata riziki bila kukata mti.

Siku ya mwisho nilikwenda Marafa, kwenye korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari. Wanasimulia kwamba palikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa ya ng'ombe wake huku majirani wakitaabika, Mungu akaididimiza ardhini, na ndiyo maana kuta zake zina matabaka meupe ya maziwa na mekundu ya damu. Mvua ndiyo inayoendelea kulichonga. Kijana aliyeniongoza alinisimamisha hatua chache kabla ya ukingo, akanionyesha hewani mahali ambapo njia aliyoipita utotoni ilikuwa.