Mwezi Uliofutwa Ujiji

Nianze na gesti, maana ndiyo iliyonitoa jasho kabla hata sijafungua begi. Chumba ambacho kwa simu niliambiwa ni elfu ishirini, nilipofika kikawa elfu thelathini na tano. Dada wa mapokezi hakupepesa macho. "Kuna tamasha, kaka," akasema, akanisogezea daftari nijiandikishe. Feni ilizunguka ikijisikia, bomba la bafuni lilitoa maji usiku wa manane tu, na chandarua kilikuwa na tundu linalompitisha mbu na familia yake. Nililipa. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa basi, akapita Tabora usingizini na daraja la Malagarasi akiwa na miguu iliyovimba, hana ubavu wa kugombana na mtu kuhusu bei ya kitanda.

Nilikwenda Kigoma kwa sababu ya rafiki yangu mchoraji. Vijana wa mtaa mmoja kule Ujiji walikuwa wameandaa tamasha la sanaa la mtaani, bila kiingilio. Walifunga kipande cha barabara ya vumbi kwa mabenchi, wakaomba baadhi ya wenye nyumba watoe kuta zao zichorwe. Rafiki yangu alipewa ukuta, nami nikaambiwa nije nipige picha. Nauli yangu mwenyewe, bila shaka.

Ratiba ilisema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa saba mchana, akazungumza kuhusu umuhimu wa kutunza muda. Basi. Ngoma za Kiha zilipoanza ndipo nilipoacha kununa, kwa sababu huwezi kununa na ngoma kubwa namna ile ikidunda hadi kifuani. Kina mama waliingia uwanjani na vitenge vyao vya Kongo, na mzee mmoja aliyekuwa akipita tu na baiskeli akaiegesha kwenye mwembe, akacheza duru nzima, akaichukua baiskeli yake akaenda zake. Kilichonifurahisha ni kwamba siku nzima hakuna aliyemtaja Livingstone. Mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871 ni hapo hapo Ujiji, pana mnara na makumbusho, na sisi wa Dar tukisikia Ujiji ndilo jambo pekee linalotujia. Wenyeji walikuwa na yao ya kuzungumza.

Na waliyazungumza mbele ya ukuta wa rafiki yangu.

Alikuwa amechora ziwa usiku. Mitumbwi sita juu ya maji, kila mmoja na taa yake, vilima vya Kongo kwa mbali, na juu yake mwezi mpevu, mkubwa, wa rangi ya krimu, ukimwaga mwanga hadi ufukweni. Kusema kweli ulipendeza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaupiga picha mara kadhaa, na vijana walikuwa wakipanga foleni wapigwe wakiwa mbele yake.

Akaja babu mmoja mwenye baraghashia, mikono nyuma. Tukamwamkia. "Marahaba," akajibu bila kututazama. Alisimama akiangalia, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa rangi, akarudi nyuma.

"Hawa wamekwenda kuvua nini?"

"Dagaa, babu," akajibu rafiki yangu kutoka juu ya ngazi.

"Dagaa. Na mwezi huu?"

Kimya. Kisha watu wazima wote waliokuwa karibu wakaangua kicheko kwa pamoja, kicheko cha watu walioliona jambo zamani wakawa wanangoja atakayelisema.

Kwa sisi tusiojua, wakatueleza, na kila mmoja alitaka aeleze yeye. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa gizani. Taa ya mvuvi ndiyo inayowakusanya: wanaifuata, wanajaa chini yake, wavu unapandishwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za betri, lakini kanuni ni ile ile. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hana haja na taa ya mtu. Ndiyo siku za mbalamwezi, mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kulala na wake zao. Mchoro wa rafiki yangu ulikuwa umewapeleka wavuvi sita ziwani kuchoma betri bure.

"Tena," babu akaendelea, sasa ameshanogewa, "mitumbwi inatoka jioni. Jioni mwezi mpevu unatokea huku nyuma yetu, bara. Huo wako uko juu ya Kongo. Kongo mwezi mpevu unazama alfajiri. Sasa hao ndiyo wanatoka au wanarudi?"

Kijana mmoja wa kamati, mwenye fulana ya tamasha, akajaribu kumwokoa mgeni. "Babu, hii ni sanaa. Mwezi ni urembo."

"Urembo sikatai. Lakini usimrembe mtu kwa kumvunjia kazi."

Hapo wakagawanyika. Vijana upande wa urembo, wazee upande wa dagaa, watoto upande wowote wenye kelele. Mama aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga akageuza jiko lake ili asikose kitu. Nilidhani yataisha kwa utani, mpaka mwenye nyumba alipotoka. Alikuwa bibi mwembamba, kanga mbili, na ilionekana alikuwa akisikiliza dirishani muda wote. Alisema anauza dagaa tangu ujana wake, na amewaanika mchangani hadi walipokuja kufundishwa chanja.

"Mjukuu wangu, umechora vizuri," akamwambia rafiki yangu. "Lakini siku za mbalamwezi ndizo siku ninazokopa unga dukani. Unataka nikifungua mlango kila asubuhi nizikute hapo?"

Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa fulana akaanza kuchunguza viatu vyake. Nami nikakumbuka kwamba mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Dar habari hiyo tuliisoma, tukalalamika dagaa wamepanda, tukaendelea na shughuli. Hapa ilikuwa kama mbalamwezi ya siku tisini, na bibi huyu aliipitia akiwa nyuma ya mlango huu huu.

Niliufikiria mtaa wangu, Tandika. Kuta zetu zina maandishi mengi kuliko hizi: NYUMBA HII HAIUZWI, USIKOJOE HAPA, namba ya mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea, alama nyekundu ya X ya bomoabomoa. Tunapita, tunasoma, hatubishani na ukuta. Rafiki yangu alishawahi kuchora kule Dar mnazi uliozaa maembe, kwa makusudi, kuona nani atasema. Ukuta ule ulikaa hadi ukapakwa tangazo la vifurushi vya simu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Hapa alikuwa amesahihishwa kabla rangi haijakauka, na nilipomtazama pale juu ya ngazi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi asiyojua aishike vipi.

Aliomba bluu iliyokoza. Mwezi ukaanza kuliwa pembeni. Watoto wakalalamika, wakataka ubaki japo kidogo, ndipo babu mwenyewe akatafuta suluhu: abakishe mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha, chini kabisa karibu na vilima vya Kongo. Huo huzama mapema jioni, giza likaingia, mitumbwi ikafanya kazi. Bibi akakubali. Rafiki yangu akamshushia babu brashi, atie jina lake pembeni. Babu akaisukuma. "Mimi sijachora. Nimekosoa tu."

Tulikula mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo kwa bibi huyo jioni ile, na sina la kulalamika juu ya bei kwa sababu alikataa hela.

Kesho yake wakati tunafungasha, wenye nyumba wanne walikuwa wakitungoja kwenye mwembe. Wote walitaka kuta zao zichorwe, na safari hii walikuja na masharti yao kabisa. Mmoja alitaka gari moshi, akataja idadi ya mabehewa. Mwingine alitaka nembo ya Yanga, jirani yake wa ng'ambo ya barabara akasema basi na yeye Simba, tena kubwa zaidi. Rafiki yangu akafungua makopo kuangalia kilichobaki. Kijani ipo, njano ipo. Nyekundu imekwisha. Jamaa wa Simba akatutazama, akamtazama jirani yake, akauliza nani hasa aliyenunua hizi rangi.