Nilivyopanga Safari Yangu ya Kwanza ya Kujifunza Kuteleza Mawimbini, Weligama

Mtu aliyekulia Mombasa huyasikia mawimbi zaidi ya anavyoyagusa. Huko nje mwambani huvunjika kwa kishindo usiku na mchana, lakini yanapofika ufukweni Nyali au Bamburi yamekwisha nguvu, kwa sababu matumbawe yameyazuia. Kwa hiyo nilipoazimia kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, sikuanza kwa kutafuta hoteli wala tiketi ya bei nafuu, bali nilitafuta ghuba ambayo chini yake ni mchanga mtupu na ambayo mawimbi huingia mpaka karibu na nchi kavu. Hilo nililifanya sharti lisilo na mjadala, kwani anayeanza huanguka mara nyingi zaidi ya anavyosimama, na kidonda cha matumbawe huingia uchafu upesi na kuchelewa kupona.

Ghuba niliyoichagua ni Weligama, kusini mwa Sri Lanka. Inaelekea kusini na imejipinda kama mwezi mwandamo, na mawimbi yake huzaliwa na dhoruba za mbali, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Yakiingia ghubani hutawanyika na kupoteza ukali, yakawa ya taratibu na yenye kutabirika, jambo ambalo mwanafunzi hulihitaji kuliko ukubwa wa wimbi.

Baada ya mahali, nilishughulikia majira, na hapa ndipo mtu wa pwani yetu ana faida, kwa kuwa pepo zinazotawala kule ni za mfumo uleule wa kusi na kaskazi tunaoujua. Kati ya Mei na Septemba upepo hutoka kusini-magharibi ukaipiga pwani ya kusini ya Sri Lanka moja kwa moja, bahari ikachafuka na mvua zikawa nyingi. Wakati huo wapenzi wa mchezo huu huhamia pwani ya mashariki, Arugam Bay. Ikifika Desemba mambo hugeuka: upepo hutoka kaskazini-mashariki, na pale Weligama huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Upepo wa namna hiyo, ukiwa mwepesi, huulainisha uso wa wimbi na kulichelewesha kuvunjika, hivyo anayejifunza hupata nafasi ya kuinuka. Ndiyo sababu msimu wa kusini huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, nami nikapanga kwenda Februari. Mchana upepo wa baharini huingia na kuvuruga maji, kwa hiyo niliomba masomo ya asubuhi, saa moja.

Karatasi hazikunichukua muda mrefu. Niliomba kibali cha kuingia nchini kwa njia ya intaneti, nikachukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano ambacho msafiri atokaye Kenya hudaiwa, kisha nikaiandikia kampuni ya bima kuuliza kama mchezo huu umo katika mkataba. Nilisisitiza nipate jibu kwa maandishi, na ningemshauri kila mtu asisitize vivyo hivyo. Ubao sikuubeba, kwani mbao za kukodi ziko tele ufukweni. Mizigo yangu ikawa mepesi kiasi cha kuniwezesha kupanda treni Colombo, kwenye stesheni ya Fort, na kuifuata reli inayopita kando ya bahari kupitia Galle hadi Weligama yenyewe.

Shule niliichagua kwa maswali niliyoyatuma mapema: mwalimu mmoja huingia majini na wanafunzi wangapi, amefunzwa huduma ya kwanza na uokoaji, na mbao za wanaoanza ni za sponji au ni ngumu? Shule iliyojibu yote bila kuzungukazunguka ndiyo niliyoilipa. Nikiwa bado Mombasa niliogelea mara kwa mara maji yakijaa, nikafanya pia mazoezi ya kujiinua kwa mikono, kwa sababu kazi kubwa katika mchezo huu ni kupiga makasia kwa mikono ukiwa umelala kifudifudi, na mabega yasiyozoea huchoka kabla somo halijaiva.

Somo la kwanza lilianzia mchangani. Mwalimu, kijana wa palepale, alinilaza juu ya ubao wa futi 9, akanionyesha kuweka viganja kando ya mbavu, kusukuma kifua juu, kisha kuuleta mguu wa mbele katikati ya mikono kwa mkupuo mmoja. Alinikataza kuitazama miguu: macho yaelekee minazi ya ufukweni, kwani mwili hufuata macho. Alinifundisha pia kuanguka kwa ubapa, kukinga kichwa kwa mikono ninapoibuka, na kutouacha ubao kamwe ukae kati yangu na wimbi, maana hapo ndipo meno huvunjika. Tulianza na povu la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika, maji yakiwa ya kifuani. Jambo lililonishangaza ni kwamba kujaa na kupwa kwao ni kudogo mno, hakufiki mita 1, ilhali Mombasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti huweza kupita mita 3. Kwa hiyo ratiba yetu iliongozwa na upepo tu.

Nilipokwisha kusimama kwa uhakika nilimwuliza kama ningeweza kwenda Midigama, jirani tu, ambako mawimbi ni mazuri zaidi lakini huvunjika juu ya mwamba. Alinitaka kwanza niweze kuugeuza ubao kulia na kushoto, na kulikamata wimbi bila kusukumwa na mtu. Nilikubaliana naye, nikaendelea kubaki kwenye mchanga wa Weligama mpaka siku ya kuondoka. Midigama nimeiweka katika mpango wa kaskazi ijayo, na safari hiyo nitatenga siku za mwanzo kwa ajili ya ghuba ileile, ili mabega yakumbuke kazi yake kabla sijaukaribia mwamba.