Nilinunua gari lililokuwa likilia

Gari ninaloliendesha leo lilikuwa likilia siku nilipolijaribu. Injini ilikuwa tulivu, gia zinaingia bila kushtuka. Kilio kilitoka nyuma, chini ya kiti cha abiria, na kilisikika pale tu nilipokata kona kali kwa mwendo wa kobe, kama mtu anayetafuta kuegesha: ngrrr, kama mlango wa zamani unaosukumwa kwa bega. Mwenye gari, mama mmoja mstaafu, aliniambia wazi kwamba wanunuzi wawili walishakuja kabla yangu, wakasikia, wakaaga. Mimi nikazunguka tena mara tatu, nikisikiliza.

Miezi mitatu nyuma ningeaga na mimi.

Nilikuwa na gari dogo la chini, ambalo tumbo lake lilikuwa limechoka kugongwa na mashimo. Watoto wameshakua, magoti yao yanasukuma mgongo wangu. Na mama yangu ana magoti mabovu. Kuingia garini kwake ilikuwa kama kushuka kisimani, na kutoka ni hadi avutwe. Nikaamua kutafuta SUV iliyotumika, ya petroli. Nikajumlisha akiba yangu yote, nikaiita pesa ya gari.

Fundi wangu aliponisikia nikiitaja akacheka. "Kaka, hiyo ni pesa ya gari pamoja na mwaka wake wa kwanza. Ukiimaliza yote siku ya kununua, tairi likipasuka utalitazama tu."

Nikaigawa mafungu manne. Matatu ya kununulia, la nne nisiliguse mpaka gari liwe langu. Iliniuma, kwa sababu hesabu hiyo moja iliyaondoa kwenye orodha magari yote niliyokuwa nimeyapenda kwa macho. Nilibaki na yale ya umri wa miaka mingi, na kila moja la umri huo lina ugonjwa wake. Hapo ndipo swali lilipobadilika. Gari lisilo na kasoro sikuwa na uwezo nalo. Nilichohitaji ni gari ambalo kasoro yake fungu la nne linaweza kuilipia.

Kwa nini petroli? Safari zangu nyingi ni fupi, kilometa saba au nane, injini haijapata hata joto sawasawa. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo linahitaji safari ndefu zenye joto ili lijisafishe. Ukiliendesha mwendo wa sokoni kila siku linaziba. Ongeza turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, na nozeli za shinikizo kubwa zinazopuliza mafuta, vyote vikiwa vimeshatumiwa na mtu mwingine, na fungu la nne linaweza kwenda kwa ugonjwa mmoja. Petroli ya kawaida isiyo na turbo inakunywa zaidi, hilo nililikubali mapema. Kwa kilometa 12,000 nizitembeazo kwa mwaka, nilikadiria lita 10 kwa kila kilometa 100 kwa injini ya lita 2.0, yaani lita 1,200. Injini kubwa ya silinda sita ikinywa 14, ni lita 1,680. Tofauti ya lita 480 kila mwaka, ili niwahi kufika kwenye foleni ileile.

Kitu cha pili nilichokiangalia kabla ya rangi na rimu ni kama injini inatumia mkanda wa taiming au cheni, yaani kile kinachofanya vali na pistoni ziende kwa kupishana. Mkanda hubadilishwa kwa muda wake, mara nyingi karibu na kilometa 100,000, na kwenye injini nyingi ukikatika njiani vali zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Toyota RAV4 za petroli kuanzia toleo la mwaka 2000 zina cheni, Nissan X-Trail za kwanza pia, na Honda CR-V kuanzia toleo la pili. CR-V za toleo la kwanza zina mkanda, na Subaru Forester za zamani vilevile. Sikuyakataa ya mkanda. Niliyapunguzia bei kichwani: kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini, basi haujabadilishwa, na gharama yake inatoka kwenye bei.

Giaboksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za hatua kwa hatua, nilizikwepa, na najua kuna watakaonibishia. Ikitunzwa ni laini na inaokoa mafuta. Lakini ni lazima oili yake iwe ile iliyotajwa na kiwanda na iwe imebadilishwa, na ikiharibika mafundi wengi hawaifungui, wanabadilisha nzima. Kununua CVT yenye umri bila kumbukumbu za matengenezo ni kununua mbuzi aliye ndani ya gunia lililofungwa.

Nikaanza kuzunguka. Majina ya magari niliyoyaacha siyataji, maana makosa yalikuwa ya walioyatumia.

La kwanza liling'aa mpaka ndani ya boneti. Nilipoweka mkono juu ya injini, ilikuwa ya moto. Muuzaji akasema amelileta sasa hivi kutoka kuoshwa. Huenda ni kweli. Ila injini ya moto inaficha mengi: kugonga kwa asubuhi, moshi wa bluu wa dakika ya kwanza unaoonyesha oili inapita mahali isipotakiwa, kuwaka kwa shida. Na injini iliyooshwa siku hiyohiyo haikuonyeshi inapovuja. Nikaomba nirudi kesho alfajiri nilikute limelala. Akaniambia kesho litakuwa limeuzwa. Wiki tatu baadaye tangazo lake lilikuwa bado lipo.

La pili mita ilisema kilometa 81,000. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini kama sabuni. Kilometa 81,000 hazifanyi hivyo. Nikachomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, kile kidogo kinachoingia kwenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi. Hakikuonyesha hitilafu yoyote, na taa ya injini ilikuwa imezima. Lakini kifaa hicho kina ukurasa mwingine ambao watu hawaufungui: unaonyesha kama gari limemaliza kujipima tangu kumbukumbu zifutwe. Vipimo karibu vyote vilikuwa havijakamilika. Maana yake kuna mtu aliyefuta kumbukumbu muda si mrefu, au betri ilichomolewa. Nikamuuliza muuzaji, akaanza kunisifia redio.

La tatu nilitaka kulinunua. Nilikwenda alfajiri, likawaka mara moja, moshi safi. Moyo ukaanza kulipenda kabla ya mikono kumaliza kazi, na hiyo ndiyo hatari ya kutafuta gari peke yako. Fundi wangu akafungua kifuniko cha rejeta likiwa bado baridi, akaliwasha, akangoja. Vipovu vikaanza kupanda, vidogo, havikomi. Akapima mgandamizo wa silinda, na mbili zilizo jirani zilikuwa chini sana kuliko nyingine. Gasket ya silinda hedi, kizibo cha kati ya kichwa cha injini na mwili wake, ilikuwa imeachia. Akafunga vifaa vyake bila kusema neno, nami nikamlipa ujira wake. Siku hiyo nilikasirika kama mtu aliyetapeliwa, wakati ujira ule ndio uliokuwa umeniokoa.

Ndipo nikapigiwa simu kuhusu Honda CR-V ya mwaka 2005, injini ya lita 2.0. Viti vimechanika pembeni, bampa la nyuma limekwaruzwa, rangi ya paa imefifia. Kwenye sanduku la mbele kulikuwa na bahasha nene: karatasi za kila mara oili ilipobadilishwa, kilometa zimeandikwa, zinapanda kwa mpangilio mpaka 168,000 na kitu. Nililikuta limelala baridi bila hata kuomba.

Na lilikuwa likilia.

CR-V ya aina hii husukuma magurudumu ya mbele wakati wote, na ya nyuma huitwa pale ya mbele yanapoteleza. Ndani ya difu ya nyuma, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kuna pampu mbili, moja inafuata mwendo wa magurudumu ya mbele, nyingine ya nyuma. Zikizunguka sawa, hakuna kinachotokea. Ya mbele ikizidi, shinikizo linapanda na kubana klachi, na nyuma inaanza kusukuma. Kwenye kona kali magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo klachi huguswa kidogo. Oili ikiwa nzima huisikii. Ikichakaa, klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, na hicho ndicho kilio. Oili yenyewe ni ya aina yake. Ya kawaida ya difu haifai humo. Nikapekua bahasha. Oili ya injini ipo, ya giaboksi ipo mara mbili, ya difu ya nyuma haipo popote.

Ilikuwa dalili nzuri, lakini dalili si uhakika. Kabla ya kutaja bei nikapiga simu mbili kuulizia difu nzima iliyotumika pamoja na ufundi. Ikaja theluthi mbili ya fungu la nne. Sawa. Hata nikikosea, sitalala njaa.

Nikamwomba mwenye gari ruhusa: "Mama, tuimwage oili ya difu hapahapa, gharama ni yangu, hata nisiponunua." Akakubali, akatuletea na kibao cha kukalia. Ikatoka nyeusi, inanuka kuungua. Fundi akaichuja kwenye kitambaa cheupe na kupapasa kwa vidole akitafuta vipande vya chuma. Hakuna, ni utope mwembamba tu. Akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali. Tukajaza mpya, lita moja hivi, nikazunguka uwanjani miduara mikubwa na midogo, kulia na kushoto. Kilio kikapungua, hakikuisha.

Bei tulizungumza tukiwa tumekaa. Sikumdanganya kwamba difu imekufa. Nilimwambia ninachofikiri na ninachokiogopa, nikamwonyesha na matairi. Mawili ya mbele mapya, mawili ya nyuma yana tarakimu 1314 ubavuni, yaani yalitengenezwa wiki ya 13 ya mwaka 2014, yamekauka na kupasuka nyufa. Matairi yasiyolingana mzunguko huichosha difu ya namna hii hata barabara ikiwa imenyooka. Akashusha kiasi cha matairi manne. Kwa ajili ya kilio bei ilikuwa imeshashuka baada ya wale wawili waliotangulia kuaga, nami sikuona sababu ya kuishusha tena.

Fungu la nne likaanza kazi wiki hiyohiyo. Matairi manne ya aina moja. Bush za mbele, ambazo nilizisikia siku ya kwanza na kuziandika. Plagi, maji ya rejeta, oili ya giaboksi. Baada ya kilometa 1,000 nikabadilisha oili ya difu mara ya pili, na tangu hapo nyuma pamenyamaza.

Kuna nililokosa. Nililijaribu alfajiri kwa sababu ya injini, na alfajiri ilikuwa ya baridi, kwa hiyo sikugusa kiyoyozi hata kidogo. Kilikuwa kinapuliza upepo tu. Kompresa imechoka. Nilifungua madirisha miezi kumi, huku nikijiambia kwamba hewa safi ni afya, na watoto wakinitazama bila kuniamini. Mafuta nayo yalizidi makadirio: kwa mwaka mzima ni lita 10.8 kwa kilometa 100.

Kompresa niliibadilisha mwezi wa kumi na moja tangu ninunue gari, kwa pesa ya mwisho iliyobaki kwenye fungu lile. Jioni yake nilimfuata mama. Alifungua mlango mwenyewe, akakaa kwa kusogea tu pembeni, bila mkono wa mtu. Kisha akapandisha kioo mpaka juu, akaniuliza kwa nini nilimwacha apigwe na vumbi mwaka mzima.