Kiporo cha makaroni ya krimu

Ramadhani iliyopita mdogo wangu, anayepika kwenye hoteli moja ya Kiwengwa huko wanakojaa Waitaliano, alikuja kufuturu kwetu Jang'ombe akatupikia makaroni ya krimu na kamba. Yalikuwa matamu, lakini mezani palikuwa pia na muhogo wa nazi, na muhogo wa nazi nani atauacha? Makaroni yakabaki tele. Nikayatia frijini mapema, maana kwa joto letu krimu na kamba si vitu vya kuachwa nje hata saa moja.

Wakati wa daku nikatoa nusu. Yameshikana, yamechukua umbo la bakuli, unaweza kuyakata kwa kisu. Nikabandika sufuria, moto mkali, usingizi bado uko machoni. Muda si muda mafuta yameelea juu, katikati chembe nyeupe kama maziwa yaliyoharibika, na chini yameshika.

Mama mkwe akachungulia. "Mwanangu, kwani tui nalo unalipasha hivyo?"

Sikuwa na jibu. Tui nisingethubutu kuliacha kwenye moto mkali bila kulikoroga, litakatika. Krimu nayo ni mafuta na maji vilivyoshikana. Ukiitokosa, kila kimoja kinashika njia yake. Tena makaroni yakilala yanaendelea kunywa mchuzi, kwa hiyo maji yanapungua na mafuta yanabaki palepale.

Siku ya pili nilichukua ile nusu nyengine. Kwanza nikawatoa kamba pembeni. Nikatia maziwa vijiko vitatu kwenye kikaango, yakapata uvuguvugu, ndipo makaroni yakaingia. Moto mdogo kabisa, kifuniko juu, na kwa dakika tatu nzima sikugusa kitu. Hapo ndipo pagumu, mkono unawasha. Lakini ukiyalazimisha na mwiko kabla mvuke haujayalegeza, unabaki na vipande vipande. Yalipoachiana nikawa nayageuza taratibu, naongeza maziwa kijiko kimoja kimoja, mpaka mchuzi ukaanza kung'aa tena. Kamba wakarudi mwishoni wapate moto sawasawa. Wakikaa sana jikoni utatafuna ndala. Jibini kidogo nikaikuna baada ya kuepua.

Maikrowevu ninayo, ila inaunguza pembeni na katikati inaacha baridi, labda uipunguze nguvu na uwe unasimama kukoroga. Naona bora jiko.

Baadaye maziwa yaliwahi kuniishia nikatumia tui jepesi. Yalishika vizuri, ladha ikawa ya nazi, watoto wakaramba sahani. Mdogo wangu aliposikia alinuna kana kwamba nimemtukania kazi yake.

Na mama mkwe? Usiku ule wa pili alikula sahani yake akaimaliza, kisha akauliza kama muhogo wa jana umebaki.