Nilivyopata picha za mbao za tanga kwenye baridi ya ziwa Neusiedl

Tangu nihamie Vienna, kila niliyemuuliza namna ya kuwapiga picha wanaoteleza ziwani kwa ubao wenye tanga alinijibu yaleyale: beba stendi nzito ya miguu mitatu, shata (muda kamera inaopitisha mwanga) iweke 1/4000 ya sekunde. Ushauri mbovu, na picha zangu ni ushahidi.

Ziwa lenyewe ni Neusiedl, mpakani mwa Austria na Hungaria. Lina kilomita za mraba 300 na ushee, ila kina chake hakifiki mita mbili, ndiyo maana upepo huyavuruga maji yakawa ya kahawia na mawimbi yakawa mafupi, ya papo kwa papo. Kando kumezibwa na matete karibu kote. Pale Podersdorf, ufuo wa mashariki, ndipo maji yako wazi. Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako.

Stendi niliiazima. Upepo wa kaskazini-magharibi ukaikamata lenzi ya milimita 400 na kuitikisa mpaka nikaiacha mchangani. Nilipiga goti, viwiko nimevibana mbavuni, lenzi imelala kiganjani, na picha zikatulia. Ama hiyo 1/4000, inagandisha kila tone hadi ubao unaonekana umeegeshwa. 1/1000 inatosha. Anayepita ubavuni mfuate kwa 1/250 huku ukizungusha kiuno. Povu jeupe huidanganya kamera ikatia giza, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia. Mimi nimekulia Tanga nikitazama ngalawa, najua nahodha hukaa joshini, upande upepo unakotoka, na tanga huangukia demani, upande upepo unakoelekea. Podersdorf upepo ukitoka ziwani, wewe mpiga picha uko demani, basi unachokiona ni tanga tupu na miguu ya mtu chini yake. Wenzangu walikuwa wakipiga mamia ya picha za plastiki ya tanga! Mimi nikaacha kuwafukuza kwa lenzi, nikatazama wanageukia wapi. Kila mmoja ana pahali pake, na hupabadilisha kwa nadra. Anapogeuza, tanga linapinduka kupita mbele ya ubao, na kwa sekunde moja mtu wote anabaki wazi: uso, mikono, maji yanayofumuka nyuma yake. Nikaweka fokasi (pale lenzi inapoona kwa ukali) hapo, kidole tayari, nikamsubiri aje mwenyewe.

Halafu nikaingia majini. Kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, nilivaa suruali ya mpira ya wavuvi inayofika kifuani (niliipata kwa euro sitini hivi, ya mtumba) nikasimama kando ya njia yao, kamera karibu igusane na maji. Wanakuja wakubwa, wameliziba anga lote. Lakini zungumza nao kwanza ufukweni, wajue uko wapi. Ubao unaokwenda kasi ile unavunja mfupa.

Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, zigusane na joto la mwili, maana baridi huzinyonya. Na kabla hujaingia mgahawani kunywa chai, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiache humo hadi ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye vioo.

Kila aliyetokea vizuri nilimtumia picha yake. Siku hizi upepo ukitabiriwa, wao ndio wananiandikia kwanza.