Nati Kuingia Si Fitingi Kupatana

Mteja anapoingia katika gereji yangu hapa Morogoro akiwa na hozi ya haidroliki iliyopasuka, jambo la kwanza analouliza ni kama nina fitingi (kiungio cha chuma cha mwisho wa hozi) ya kampuni ileile iliyotengeneza mashine yake. Ninamwelewa, kwa sababu spea bandia zimemtia hasara kila mmoja wetu. Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuona kwamba swali la kampuni huulizwa mahali ambapo halina uzito mkubwa, na husahauliwa pale hasa ambapo lingepaswa kuulizwa.

Niliwahi kuitwa kwenye machimbo ya kokoto ambako kijiko cha Kijapani, yaani mashine ya kuchimbia, kilikuwa kimesimama kwa siku mbili. Hozi ya silinda ya ndoo ilikuwa imepasuka, na fundi wa pale alikuwa ameagiza nyingine kwa simu, akitaja vipimo alivyopima mwenyewe: jike (upande wenye nyuzi za skrubu ndani) la milimita 22, pichi, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.5. Vipimo vilikuwa sahihi. Nati ilishika nyuzi za dume, upande wenye nyuzi kwa nje, bila kugoma, ikakazwa kwa spana, injini ikawashwa, na ndoo ilipobeba mzigo wa kwanza mafuta yakaanza kuruka. Akakaza zaidi, yakapungua kidogo. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, nati ikapasuka.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba nyuzi ndizo zinazozuia mafuta. Katika fitingi za aina hii nyuzi hazina kazi nyingine ila kuvuta na kushikilia. Kinachozuia mafuta ni nyuso mbili za chuma zinazokaliana, au oringi (pete ya mpira) inayobanwa kati yake. Kampuni ya Kijapani ya Komatsu, kwa mfano, hutumia nyuzi za milimita, ikiwamo hiyo ya 22 kwa 1.5, pamoja na dume lenye koni ya nje ya digrii 30. Mfumo wa Kijerumani wa DIN, ambao sasa uko chini ya kiwango cha ISO 8434-1, nao una nyuzi hiyohiyo ya 22 kwa 1.5 kwa bomba la milimita 15 la daraja jepesi, lakini dume lake limechongwa koni kwa ndani, ya digrii 24. Hozi iliyoletwa machimboni ilikuwa na mwisho wa DIN. Ncha yake iligusa ukingo wa tundu la dume kwa mduara mwembamba kama uzi wa kushonea, na oringi yake ikabaki bila mahali pa kubanwa. Hapo hata ukaze kwa nguvu za watu watatu, mafuta yatatoka.

Digrii zenyewe nazo zina mtego wake. (Naandika digrii kwa makusudi, maana katika Kiswahili neno nyuzi lingebeba maana zote mbili, nasi tungepotea katikati ya sentensi.) Wajerumani wanaposema 24 wanahesabu koni nzima, upande hadi upande, na Waingereza hufanya hivyo pia kwa koni ya 60 ya fitingi zao za BSP, lakini Wamarekani wanaposema 37 kwa fitingi za JIC wanahesabu kutoka mstari wa katikati, yaani koni nzima ni digrii 74. Ile 30 ya Kijapani nayo huhesabiwa kutoka katikati. Kwa hiyo anayelinganisha namba mbili za katalogi bila kujua zimehesabiwaje anaweza kuona tofauti mahali isipokuwapo, au asiione mahali ilipo.

Jamaa nyingine inayotusumbua ni ile ya nyuzi za mabomba. BSP ya Kiingereza inatokana na nyuzi za Joseph Whitworth za mwaka 1841, zenye pembe ya digrii 55; NPT ya Kimarekani ina digrii 60. Kwa ukubwa wa nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina nyuzi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo moja huingia katika nyingine na kukaza vizuri tu, kisha fundi akiona unyevu anazungushia tepu nyeupe na kujiridhisha. Kwa ukubwa wa robo inchi ni 19 dhidi ya 18, na hapo nati hugoma mapema. Heri inayogoma.

Kwa upande huu basi, jina la kampuni si kitu. JIC iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango itakaliana na JIC ya kampuni nyingine yoyote iliyofuata kiwango hichohicho, na ndivyo ilivyo kwa DIN na kwa zile za uso bapa wenye oringi, ORFS. Kinachotakiwa ni kalipa ya kupimia kipenyo, geji ya nyuzi, na jicho linalochungulia mdomo wa fitingi kabla ya kuchukua spana.

Upande wa pili wa fitingi ileile, pale inapoingia ndani ya hozi na kubanwa kwa mashine, mambo hugeuka kabisa, na hapo ndipo wateja wangu hawaulizi lolote. Hakuna kiwango kinacholazimisha kampuni zote zitengeneze meno ya ndani, kola (pete ya chuma inayobanwa juu ya hozi) na unene wa mpira kwa namna moja. Hozi mbili za nusu inchi zilizoandikwa 2SN, yaani zenye tabaka mbili za waya, zote za kufanyia kazi kwa shinikizo la baa 275 na kutakiwa kustahimili angalau baa 1,100 kabla ya kupasuka, zinaweza kutofautiana unene wa mpira wa nje, na kola moja ikataka mpira huo umenywe kabla ya kubana ilhali nyingine haitaki. Kipenyo cha kubania hutoka kwenye jedwali la mtengenezaji kwa hozi yake na fitingi yake. Mwongozo wa J1273 wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, unatahadharisha waziwazi dhidi ya kuchanganya hozi ya huyu na fitingi ya yule bila idhini ya watengenezaji, na mimi mwenyewe nilijifunza hilo hozi ilipochomoka kwenye kola niliyoibana kwa kukisia. Kwa bahati hakukuwa na mtu karibu. Mafuta ya shinikizo hilo yakitoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana kama mchubuko huhitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Ndiyo maana pengo la kuvuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja.

Kijiko cha machimboni kilirudi kazini siku ya tatu. Nilitengeneza hozi yenye mwisho wa koni ya digrii 30, lakini nililazimika kubadilisha na dume la silinda pia, kwa sababu ukingo wake ulikuwa umeshaumizwa na ile spana yenye bomba.