Ngamia wa Elm Creek

Jumapili, 25 Februari 2024

Leo nimeamka mapaja yanawaka. Jana asubuhi nilitoka kwenye shifti ya usiku, badala ya kwenda kulala nikapitia Elm Creek, bustani ya karibu na kwangu yenye njia ya theluji, nikavaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, nikazunguka mara 8. Mzunguko mmoja ni kilomita 2.5. Kwa hiyo nimeteleza kilomita 20 na sikufika popote.

Kwa wasiojua, naishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Ukiingia duka la vyakula vya kwetu hapa hukosi Mkenya anayekagua mfuko wa unga kama unamdai. Wengi wetu twatunza wagonjwa na wazee. Wanaoteleza thelujini ni wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nilivutwa na mwenzangu wa kazini, mzee ambaye mababu zake walitoka Norwe. Alipojua natoka Kenya hakuniuliza habari za marathoni. Aliniuliza habari za Philip Boit, nami nikaona haya kwa kuwa sikuwa namjua.

Akanisimulia pale pale, tumeketi na chai za karatasi. Boit alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kufundishwa kuteleza, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Huyo mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, hakuondoka kwenda kuchukua medali yake. Alisubiri pale mwisho wa njia hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mzee alipofika hapo akanyamaza, akavua miwani. Wiki ile ile nikanunua skii za mtumba.

Sasa msimu huu. Desemba iliyopita ilikuwa na joto kuliko Desemba zote zilizowahi kuandikwa hapa. Siku ya Krismasi nilikuwa kazini, huwa nawashikia zamu wenzangu Wakristo nao hunishikia Idi, na nje ilikuwa ikinyesha mvua. Wazee wetu walijipanga dirishani na viti vyao vya magurudumu wakiitazama ile mvua kama mgeni aliyekosea nyumba. Bibi mmoja aliyezaliwa katika shamba la hapa hapa Minnesota aliniuliza mara tatu huu ni mwezi gani.

Theluji ya Mungu ikikosa, inabaki theluji ya mashine. Mizinga hupuliza maji pamoja na hewa ya mgandamizo, matone madogo madogo yanaganda kabla hayajagusa ardhi, yanarundikana vilima, kisha trekta lasambaza na kulainisha. Mashine nazo zina masharti. Zataka baridi, na si baridi tu, zataka hewa kavu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kipimajoto chaweza kukwambia imefika sifuri na bado mizinga ikatema maji matupu. Ndiyo maana wanaoteleza hapa mwaka huu wamegeuka wanajimu, kila mtu ana simu mkononi anasoma unyevu wa usiku wa manane.

Basi swali la kila siku yangu ya mapumziko likawa: niende wapi?

Kuna bustani ya Theodore Wirth, ndani ya jiji lenyewe, ukiteleza waona maghorofa ya katikati ya mji. Pana vilima vya kweli. Pana pia watoto wa timu za shule, wanapita kushoto na kulia kwa kasi ya bodaboda, na mimi nikisikia mtu anakuja nyuma yangu huanguka kabla hajafika. Kuna Hyland, kule Bloomington, njia ndefu kuliko ya kwetu, lakini nalazimika kulikata jiji zima kwenda na kurudi. Battle Creek, upande wa St. Paul, nasikia pazuri, sijaenda. Halafu kuna Elm Creek, mlangoni kwangu, fupi, haina maajabu, ina taa za usiku. Pasi yangu ya Elm Creek, ile kadi ya kuingilia, yaingia Hyland pia. Wirth wana pasi yao, na mshahara wangu una mipaka.

Na kuna kaskazini. Lo, kaskazini! Kila mtu hapa ana rafiki wa rafiki aliyesema kaskazini bado ipo. Januari yote nilipanga safari ya kwenda mji wa Duluth, saa mbili na nusu kwa gari, na kuupita tena kufuata Ziwa Superior. Nikafungasha hadi sambusa. Kisha nikasikia mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji, yale ya John Beargrease ambayo huanzia huko huko Duluth, yameahirishwa kwa kukosa theluji. Mbwa wenyewe wamekosa pa kukimbilia, mimi natafuta nini? Sambusa nikazila jikoni.

Jambo lililonichelewesha kuandika haya ni mama.

Mama yuko Kisauni, Mombasa. Novemba, wakati mimi nimeanza kununa kwamba theluji haiji, kwao mvua ilikuwa haikatiki. Maji yaliingia hadi uani, kuku akawekwa juu ya kabati. Shangazi yangu karibu na Garsen alikuwa na yake: Mto Tana ulivunja kingo, shamba lake la mahindi likawa ziwa, akahamia kwenye mwinuko pamoja na majirani. Nami siku ile nilipompigia mama, baada ya salamu na pole, nikajisahau. Nikalalamika. Nikamwambia huku msimu umeharibika, hakuna hata theluji ya kufunika nyasi.

Mama akanyamaza kidogo. "Na hiyo yaletwa na nini, mwanangu?"

Nikamjibu ni Elnino. Bahari ya Pasifiki ikipata joto, mkondo wa hewa baridi wabadili njia, huku kwetu baridi yakawia na mawingu ya theluji yapita mbali.

"Elnino hii hii?"

"Hii hii, mama."

Akacheka hadi akakohoa. "Kumbe maji yenu yamekuja kwangu! Basi njoo uyachukue, yako uani."

Tangu siku ile sikuweza kulitaja neno theluji mbele yake bila kumwona kuku juu ya kabati. Nadhani ndiyo sababu hasa iliyonifanya niiache ndoto ya kaskazini, zaidi ya mbwa wa Duluth. Kuendesha gari kwa muda wa saa tano kuifukuza theluji kwa sababu nimezoea kuipata, wakati shangazi anasubiri maji yaondoke aone kama ana shamba, ilinikaa vibaya rohoni. Hakuna aliyenikataza. Ni mimi tu.

Nikabaki na Elm Creek, na Elm Creek ina namna yake. Hapa baadhi ya watu wana skii mbili: nzuri, na nyingine kuukuu wanazoziita skii za mawe, za kutumia theluji ikiwa nyembamba na kokoto zimechungulia. Mimi zangu zote ni za mawe. Jana asubuhi njia ilikuwa imeganda baada ya kuyeyuka mchana wa juzi, ngumu kama sakafu, skii zinalia kama kisu kwenye sahani. Kona ya kwanza niliipita kwa dua. Theluji ikiwa barafu namna hiyo, wenye kujua wanapaka nta ya kunata iliyo kama asali, inakwama mikononi, nguoni, kwenye usukani. Skii zangu zina magamba chini, hazitaki nta, nazishukuru. Kufikia mzunguko wa nne jua lilikuwa limepanda, barafu ikalainika ikawa kama sukari guru iliyosagwa, na hapo ndipo raha yenyewe ilipo, kama saa moja hivi. Baada ya hapo ni uji.

Kwa hiyo nilichojifunza msimu huu ni kwamba swali langu lilikuwa la saa kuliko la mahali. Elm Creek ya alfajiri na Elm Creek ya saa tano ni nchi mbili. Ukiikosa ile saa yako, hata Hyland na urefu wake haikusaidii.

Kuna utepe mweupe, upana wa barabara ndogo, na pande zote mbili nyasi za kahawia hadi macho yanapoishia. Ukiutazama kwa mbali ni kichekesho. Utotoni nilisimuliwa habari za ngamia wa kinu cha simsim, anayefungwa kitambaa machoni azunguke siku nzima, asipate kizunguzungu. Mzunguko wa tano nilijiona ndiye yeye. Wa sita nikaacha kuhesabu kwa kichwa, nikawa nahesabu kwa vidole ndani ya glavu kama mtu avutaye uradi, na sikumbuki nilichokuwa nikiwaza. Yule mzee wangu wa kazini hupendelea Wirth, ila jana alikuwepo, akinipita kila baada ya muda kwa upole wa mtu aliyezaliwa na skii miguuni. Mara ya tatu akaniambia usijali, hata mabingwa wazunguka.

Kweli. Birkebeiner, mbio kubwa za skii za Wisconsin ambazo kwa kawaida ni safari ya kilomita 50 kutoka Cable hadi Hayward, wiki hii zimefanyika kwa kuzunguka kitanzi cha kilomita 10 cha theluji ya mashine. Na wiki iliyopita Kombe la Dunia la skii lilikuja Wirth, mara ya kwanza Marekani tangu 2001. Sote tulidhani litafutwa, kisha theluji ikaanguka siku chache kabla. Nilisimama kwenye umati mkubwa mno, kofia mbili kichwani, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka Jessie Diggins, binti wa Afton hapa hapa Minnesota, alipomaliza wa tatu. Mkimbiaji wa mwisho alipopita mimi na mzee wangu tulikuwa bado tumesimama. Hatukuambiana kwa nini.

Ramadhani inaingia wiki mbili zijazo, na sitateleza kilomita 20 na funga. Kesho utabiri wasema nyuzi 18, joto la kuvaa kanzu. Mama amepiga jioni hii, maji yalikwisha kuondoka zamani, shangazi amepanda tena. Akauliza kama niko sawa, mbona natembea nikichechemea kwenye video. Nikamwambia nimezunguka.

Skii nimeziacha garini. Sijazipandisha darini bado.